Mbwa mbele ya kioo: ni kichaa, ao ni mugeni tu?

Saa moja ya asubuhi, kinyozi wa kando ya barabara anafungua kibanda chake. Anatosha kiti, anatosha mashini ya kunyoa, kisha anaegemeza kioo chake kikubwa kwenye ubao, pale nje, kipate mwangaza. Mbwa wa jirani anapita akifuata harufu ya mandazi. Gafula anasimama. Nywele za mugongo zinapanda, mukia unakazana, ananguruma. Anabweka mara tatu, anaruka nyuma, anarudi tena. Halafu anazunguka nyuma ya kioo kumutafuta yule aliyemuona, anakuta ubao tu. Watu wanacheka mpaka machozi.

Lakini kati ya wale wanaocheka, kila mara kuna mumoja ambaye hacheki. Njo huyo anasema: "Iyo imbwa iko na kichaa. Muiuwe mbele iume batoto." Mwingine anajibu: "Hapana, inaona shetani." Na kama hakuna mutu muzima wa kuwatuliza, jioni mbwa amekwisha kufa kwa mawe.

Maneno haya utayasikia kwa Rubaya, utayasikia kwa Mubi na kwa Ndjingala, fasi yoyote ambapo watu wanaishi wamesongana karibu na karieri. Na si maneno ya kuchezea. Mbwa ni mulinzi. Ni yeye analala kwenye mulango wa hema ambamo kuko mifuko ya mawe na pesa ya wiki nzima. Ukimuua bure, umepoteza mulinzi. Tena kuna hasara kubwa zaidi: watu waliozoea kufikiri kwamba kichaa cha mbwa ni kubweka mbele ya kioo hawatakitambua kichaa chenyewe siku kitakapoingia kwenye parsele yao. Kwani mara nyingi kinaingia kimya.

Basi tuanze na kioo.

Yule mbwa asiye na harufu

Sisi watu, tukitaka kujua mutu ni nani, tunamuangalia uso. Mbwa hafanye vile. Yeye anauliza kwanza pua. Pua la mbwa lina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200. La kwetu linafika milioni 5 ao 6 tu. Mbwa wawili wakikutana kwenye njia, munajua wenyewe namna wanasalimiana: pua kwa pua, kisha pua kwa upande wa nyuma. Pale wanasoma mengi: huyu ni dume ao jike, ni muzima ao mugonjwa, tulikwisha kuonana ao ni mara ya kwanza.

Wale wanaotaka kujua pua hilo linaweza nini, waulize walinzi wa Virunga. Kule Rumangabo, tangu 2011, hifadhi ina kikosi cha mbwa wa kufuata harufu. Wanapewa kunusa kitu ambacho mutu alishika ao alikanyaga, na wanashika njia yake ndani ya pori, hata kama macho ya mutu hayaoni tena alama yoyote.

Sasa, fikiri mbwa huyo mwenye pua kama hilo akutane na kioo. Macho yanamuambia: kuna mbwa mbele yako, anakuangalia ndani ya macho, hatoki. Masikio yanamuambia: hakuna mutu, sisikii hatua, sisikii pumzi. Pua linamuambia: hakuna kitu hapa, ni kioo kibaridi na harufu ya mafuta ya nywele. Viungo vitatu, habari mbili zinazopingana. Wewe mwenyewe, kama ungekutana usiku na mutu anayetembea bila hatua zake kusikika, ungekimbia ao ungelalamika? Mbwa analalamika.

Kuna jambo lingine linalozidisha hasira yake. Kwa mbwa, kukazana macho bila kugeuza ni kutafuta vita. Mbwa wa kweli, ukimuonyesha kwamba hutaki ugomvi, anageuza kichwa, anapita kando. Huyu wa ndani ya kioo hageuze kamwe mbele yako. Ukipanda nywele, naye anapanda. Ukisogea, naye anasogea, tena saa ileile. Ukionyesha meno, naye anayaonyesha. Ugomvi wa namna ile hauna mwisho, mpaka mumoja achoke. Na kioo hakichoke.

Si kila mbwa anakasirika. Mutoto wa mbwa wa miezi miwili mitatu mara nyingi anafurahi: analala kwa mikono ya mbele, anainua matako, anatikisa mukia. Maana yake: kuja tucheze. Mwingine anatazama kidogo na kwenda zake. Na mbwa anayelala kila siku kwenye nyumba yenye kioo, baada ya siku chache hamuangalie tena yule mugeni. Hajajifunza kwamba "yule ni mimi." Amejifunza tu kwamba yule hana harufu, haume, haibe chakula, basi hana maana.

Hata aina ya mbwa inahesabu. Katika misitu yetu kuna mbwa wa zamani wa uwindaji, mudogo, masikio yamesimama, mukia umejikunja juu ya mugongo. Wazungu walimupeleka Ulaya kutoka Kongo na leo wanamuita basenji. Huyo habweki kama wengine. Analia kwa sauti kama ya wimbo, ao anabaki kimya. Njo maana wawindaji walimufungia kengele ya muti, wapate kujua amefika wapi ndani ya pori. Mwenye mbwa wa namna hiyo hapa Walikale asingoje kelele mbele ya kioo. Atamuona tu amesimama kama muti, paji la uso limejaa makunyanzi.

Je, mbwa anajijua?

Mwaka 1970, Gordon Gallup, muchunguzi wa Marekani, aliweka kioo mbele ya sokomutu. Siku za kwanza walifanya kama mbwa wa kinyozi: walitisha, walipiga kelele. Baadaye walianza kukitumia kioo kutazama ndani ya vinywa vyao na fasi zingine ambazo jicho halifiki. Gallup akawalaza kwa dawa, akawapaka rangi nyekundu juu ya jicho na kwenye sikio. Walipoamka na kujiona, walipeleka mukono kwenye ile rangi ya mwili wao wenyewe, si kwenye kioo. Kwa hiyo walijua: yule ni mimi.

Tangu siku ile, huo umekuwa kama mutihani wa serikali kwa wanyama. Tembo mumoja wa kike wa New York alifaulu, ilitangazwa 2006. Ndege mumoja wa Ulaya wa ukoo wa kunguru alifaulu pia, 2008. Mbwa anaanguka kila mara.

Kuna gorila pia, na hapo tuko nyumbani, kwani gorila wa Grauer anaishi Kongo tu, na sehemu ya Kahuzi-Biega iko upande huu wa Walikale. Ndugu yake wa Gabon alionekana kwenye video: Mufaransa mumoja alisimamisha vioo vikubwa ndani ya pori, na dume la mugongo mweupe likaja kupiga kifua na kukirukia kioo. Kwa gorila pia, kukazana macho ni matusi.

Sasa, mbwa akianguka mutihani, tuseme hana akili? Mutihani wenyewe ni wa macho. Tena ni wa rangi nyekundu, na mbwa haone nyekundu kama sisi. Macho yake yanaona vizuri bluu na manjano, nyekundu kwake ni kama kahawia iliyofifia. Ni kama kumupa muchimbaji mutihani wa kuvua samaki na kusema ni mujinga.

Tena hata watu wanaanguka. Mutoto wa mutu anaanza kujitambua kwenye kioo karibu na mwezi wa 18 mpaka miaka miwili. Hii imehakikishwa kwa watoto wa Marekani na Ulaya. Lakini wachunguzi walipofanya jambo hilohilo Kenya, kwa watoto wa mwezi 18 mpaka miaka 6, wakiwabandika karatasi ndogo ya manjano kwenye paji, wawili tu kati ya 82 waliipapasa ao kuitosha. Wengine walisimama kimya wakijitazama. Watoto wa miaka sita hawajijui? Mama yeyote wa huku atakuambia kilichotokea: mutu mukubwa amekuwekea kitu usoni, hujaambiwa ukitoshe, utakitosha vipi? Matokeo hayo yalitangazwa 2011, na wachunguzi wenyewe walikubali kwamba kuanguka mutihani si kukosa kujijua.

Njo sababu wengine wakasema: tumupe mbwa mutihani wa pua. Mwalimu Marc Bekoff, wa Colorado, Marekani, alikuwa na mbwa anayeitwa Jethro. Kwa miaka kadhaa, wakati wa theluji, alikuwa akichota theluji iliyokojolewa na mbwa huyu ao yule na kuihamisha mahali pengine, apate kuona Jethro atanusa nini. (Watu waliokutana naye na kijiko chake cha theluji ya manjano walimuona ni mutu wa ajabu, nadhani sisi pia tungemuona vile.) Jethro alikawia kwenye mikojo ya wengine, kwenye wake alipita haraka. Habari hiyo ilitoka 2001.

Mwaka 2017, Alexandra Horowitz wa New York alifanya vizuri zaidi. Aliweka mikojo ndani ya vikopo, na mbwa 36 wakaja kunusa. Kulikuwa mukojo wa mbwa mwenyewe ulivyo, na mukojo wake mwenyewe uliochanganywa na harufu nyingine. Mbwa walikawia zaidi kwenye ule uliochanganywa. Ni kama vile mutu anajiona kwenye kioo na alama nyekundu usoni: kuko kitu ambacho si cha kawaida juu yangu, ni nini? Bado wachunguzi wanabishana kama hiyo inatosha kusema mbwa anajijua. Kwangu mimi, mbwa anayejua mukojo wake katika kijiji chenye mbwa makumi mawili anajijua kiasi cha kumutosha.

Maji, mabati na toroshi

Kioo cha kinyozi si kioo pekee. Sahani ya jua iliyolazwa chini kwa kuchaji simu inamuonyesha mbwa sura yake. Televizyo iliyozimwa pia. Kioo cha gari, kioo cha moto, bati jipya ambalo bado linangaa. Dirisha usiku, kama ndani kuna mwanga na nje kuna giza, linageuka kioo kamili kwa mbwa aliye ndani.

Na maji. Wale waliosoma shule wanakumbuka kisa cha La Fontaine cha mbwa aliyeacha alichokuwa nacho kwa kurukia kivuli chake ndani ya maji. Kwenye shimo la kuoshea mawe, maji yakitulia jioni, mbwa anaweza kumuona "mwenzake" pale chini, abweke. Lakini angalia vizuri: mara nyingi inadumu kidogo tu. Ulimi ukigusa maji, yule mugeni anavunjika vipande na kupotea. Mbwa anakunywa, mambo yanakwisha. Kioo kilichosimama wima kinamusumbua zaidi, kwani pale mugeni anasimama kama mbwa anavyosimama kweli.

Neno moja juu ya macho yanayowaka. Muchimbaji anatoka shimoni usiku na toroshi ya kichwa, anamulika mbwa, macho yanawaka kijani kama makaa. Wengi wanasema ni majini. Nyuma ya jicho la mbwa kuna ngozi ndogo inayongaa kama sahani. Mwanga ukiingia, inaurudisha kulekule ulikotoka, na njo ile inamusaidia kuona gizani. Wewe mwenye toroshi unapokea mwanga wako mwenyewe. Mbuzi na ngombe wako vilevile, na hakuna mutu anawapiga mawe juu ya ile.

Na muwakataze watoto muchezo wa kumuchezesha mbwa na kidoto cha toroshi ukutani. Mbwa anakimbiza kitu ambacho hatakishika kamwe. Wengine wanazoea vibaya, wanabaki kutafuta mwanga na vivuli siku nzima, hawapumziki, hawali vizuri. Hapo utakuwa umemutengeneza mwenyewe yule mbwa ambaye watu watasema ni mwenye wazimu.

Kichaa chenyewe

Ugonjwa ambao madaktari wetu wanaita «la rage» hauna uhusiano na kioo. Ni kirusi kinachopita kwa mate, karibu kila mara kwa kuumwa, na kinapanda kwenye mishipa mpaka ubongo. Kwa watu, karibu kesi zote duniani zinatoka kwa mbwa. Shirika la afya la dunia, OMS, linakadiria wafu 59 000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na watoto ni wengi sana kati yao.

Hapa kuna kosa ambalo linaua. Watu wanasema mbwa mwenye kichaa anaogopa maji. Basi akibwekea maji, auawe, na akikaribia maji, ni muzima. Si kweli. Anayeogopa maji ni *mutu* mwenye kichaa: akitaka kunywa, koo linakazana kwa maumivu makali. Mbwa mugonjwa anaweza kuingia ndani ya maji, anaweza kujaribu kunywa ashindwe kumeza tu.

Dalili ya kutafuta ni kubadilika. Mbwa mupole anakuwa mukali, ao mbwa mukali anakuja kukulambalamba kama mutoto. Anauma vijiti, mawe, hewa. Anaondoka nyumbani na kukimbia mbali bila sababu. Sauti yake inageuka. Mate yanatiririka. Mbwa wa kioo, ukikifunika kioo, baada ya dakika mbili ni yuleyule wa jana: anakujua, anakula, anatikisa mukia. Mwenye kichaa anabeba kichaa chake kila fasi anapokwenda.

Halafu kuna kile cha kimya, na njo hicho ninakiogopa zaidi. Mbwa anajificha kwenye giza, taya la chini linaanguka, hawezi kufunga kinywa, miguu ya nyuma inalegea. Hanguruме, habweki. Mwenyewe anafikiri mufupa umekwama kwenye koo, anaingiza mukono kinywani kuutosha. Mukono ukiwa na kidonda kidogo cha beshi ao cha jiwe, na ni muchimbaji gani hana kidonda mukononi, imetosha.

Mutu akiumwa ao kukwaruzwa, usianze na kubishana kama mbwa alikuwa na kichaa. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Ni ndefu, tumia simu kuhesabu. Baada ya hapo, dawa ya kidonda kama iko. Usiweke pilipili, usiweke asidi ya batri, usifunge jiwe jeusi na kubaki nyumbani. Nenda kwenye kituo cha afya siku ileile uombe chanjo, na kama hapo haiko, uliza palepale ni wapi inapatikana, uondoke. Ni sindano kadhaa kwa majuma kadhaa, usiache katikati. Kirusi kinaweza kukaa miezi miwili mitatu kimya mwilini, na hiyo njo nafasi yako. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona tena. Chanjo hii si ya jana: Louis Pasteur aliitumia mara ya kwanza kwa mutoto wa miaka 9 tarehe 6 Julai 1885, na mutoto akaishi.

Na yule mbwa aliyeuma? Kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akibaki muzima siku hizo zote, hakuwa na kirusi kwenye mate siku alipouma. Ukimuua saa ileile kwa hasira, hutajua kamwe. Lakini mutu asingoje siku hizo 10 mbele ya kuanza chanjo.

Mbwa mwenyewe anachanjwa mara moja kwa mwaka. Wataalamu wanasema katika kila mbwa 100, 70 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kwetu ni vigumu, kwani vita inapokuja watu wanakimbia na mifuko na watoto, mbwa anabaki, anageuka wa kila mutu na wa hakuna mutu. Hata hivyo, veterineri akipita kwenye kituo chenu, mupelekee wako, na yule asiye na mwenyewe pia, kama anakubali kufungwa kamba.

Kwa kinyozi

Turudi pale barabarani. Mbwa anabweka mbele ya kioo: usimusukume karibu "ajione vizuri", usimupige fimbo. Mutoto asiende kusimama kati ya mbwa na kioo, wala kumushika shingo kumutuliza, kwani mbwa aliyekasirikia mugeni asiyeshikika anaweza kugeuka na kumuuma aliye karibu. Mumuite kutoka mbali kwa jina, mumutupie kipande cha andazi upande mwingine, mufunike kioo kwa kitambaa.

Kinyozi mumoja ninayemujua alichoka na kelele za kila asubuhi. Alichukua musumari, akapandisha kioo chake mpaka kwenye usawa wa kifua cha mutu, juu ya pua la mbwa. Sasa mbwa anapita chini yake, ananusa kiti, ananusa nywele zilizoanguka, anaendelea kwa mama wa mandazi.